Kichwa Ambacho Salim Hajakiona

Siku hiyo niliandika kwenye simu: mitindo ya nywele inayowapendeza wanawake wenye nywele chache. Nilikuwa chooni kazini, Diani, mlango nimeutia komeo na mtandio umelala begani. Zikaja picha. Wanawake wa Kizungu wenye nywele laini wanaambiwa wazikate zifike mabegani, wazitenge upande, wazipulize kwa mashine zitune. Nikashuka chini, nikashuka tena. Nilipompata mwanamke mweusi, alikuwa amevaa wigi, na kilichokuwa chini ya wigi hakikuonyeshwa. Hapakuwa na kichwa kama changu. Nikawaza mawili: ama niko peke yangu, ama walio kama mimi nao wamejifungia vyoo vingine.

Ni hilo la pili. Ndiyo maana naandika.

Mimi si daktari, na sitakueleza ugonjwa huu unavyofanya kazi ndani ya ngozi. Mengi hata waliousomea hawayajui, nimewauliza. Nitakueleza ulivyokaa nami nyumbani kwetu Ukunda, tangu kusi ilipoanza mwaka jana mpaka mfungo mosi wa mwaka huu.

Jina langu ni Mwanaisha, lakini nyumbani naitwa Kwanini. Alinibandika shangazi yangu Mejumaa nilipokuwa mdogo, baada ya kumuuliza kwa nini maiti huogeshwa ilhali anakwenda kulazwa mchangani. Chuo kikuu hakikunitibu. Nilirudi na shahada ya takwimu na tabia ya kutoamini jambo mpaka nilione limetokea zaidi ya mara moja.

Aliyeona kwanza ni Akinyi. Ana banda la ususi nyuma ya maduka ya Kona ya Musa. Ametoka bara, ameishi pwani miaka mingi, na Kiswahili chake bado kina mwendo wa kwao. Akinyi huwa hanyamazi. Husuka huku akieleza habari za wateja waliotangulia, nawe unajua kabisa kwamba ukitoka utaelezwa kwa watakaokuja. Siku hiyo alikuwa ananifumua rasta, akafika utosini, akanyamaza.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Nani alikusuka mara ya mwisho?"

"Wewe."

"Mimi?" Akasogea, akatazama tena. "Basi si mimi nimefanya hivi, aki. Mimi hukaza, lakini sikazangi hivi."

Akanipiga picha kwa simu yake, akanipa. Katikati ya utosi palikuwa na mahali pameng'aa, upana wa kifuniko cha soda. Hapakuwa kama mahali palipopitiwa na wembe, maana wembe huacha vitundu vya nywele. Hapa ngozi ilikuwa laini kama ya kiganja. Kwa miezi palikuwa panawasha na kuwaka kana kwamba nimepakwa pilipili, nami nikadhani ni mba. Nilikuwa najikuna kwa kalamu ofisini.

"Si kitu," Akinyi akasema. "Tutapaficha."

Na tukapaficha. Sasa mitindo, maana najua ndiyo uliyoijia.

Tulianza na kutenga upande: unachana nywele kutoka kushoto, unazilaza juu ya utosi kwenda kulia, unazibana kwa pini. Ni mzuri mpaka uiname. Mabutu mawili, niliyodhani yatanirudisha utotoni, yalikuwa mabaya kuliko yote, kwa sababu njia inayoyatenganisha hupita juu ya kipara chenyewe. Akinyi akajaribu matuta ya kwenda nyuma, ile twende kilioni ya kawaida. Matuta yalipofika utosini yalikatika, yakaendelea upande wa pili, kama barabara iliyochukuliwa na mafuriko. Nikapaka wanja wa macho kichwani ili ngozi ifanane na nywele. Usifanye hivyo kwenye joto la Diani. Nilikuwa mbele ya wageni nikiwaeleza vyumba vilivyobaki wazi, na mstari mweusi ukanishuka kutoka ndani ya mtandio mpaka kwenye nyusi.

Uliofanikiwa ulikuwa ule wa nywele bandia zinazopachikwa kwa sindano ya ndoano juu ya matuta. Ulinipendeza kweli. Nilijitazama kwenye kioo cha Akinyi, nikacheka kwa mara ya kwanza tangu aliponyamaza. Nilikaa nao mpaka masika yakaisha. Tulipoufumua, kifuniko cha soda kilikuwa kimekuwa mdomo wa kikombe. Nywele zile zilinifunika vizuri, na chini yake ugonjwa ukapata faragha ya kufanya kazi yake.

Kazini nakaa ofisi moja na Mercy, tunawawekea wageni vyumba vya hoteli. Yeye ndiye niliyemwambia kwanza nje ya nyumbani. Akanitazama kwa huruma, kisha akasema, "Lakini wewe una bahati, una hijabu. Nani atajua?"

Nilisikia hilo mara nyingi, na kila anayelisema hajawahi kuingia kwenye nyumba ya harusi kwetu. Barabarani kweli hakuna anayejua. Lakini wanawake wanapokutana wenyewe kwa wenyewe, kwenye maulidi, kwenye kesha, na zaidi kwenye kupamba, ambako bi harusi hukalishwa jukwaani atazamwe na wanawake wa pande zote mbili, mabuibui huvuliwa mlangoni. Humo ndani nywele hutazamwa kabla ya nguo. Anayebaki na mtandio huulizwa kama ana homa. Akisema hana, huulizwa anaficha nini. Hijabu ilinificha kwa watu ambao hawakuwa na haja na nywele zangu, na ikaniacha wazi kwa wale waliokuwa nayo.

Nami nilikuwa na harusi. Yangu.

Mchumba wangu, Salim, ni wa Msambweni, fundi wa pampu za maji. Posa ilikuwa imeshapokelewa kabla ya haya yote, na harusi ikapangwa mfungo mosi, baada ya Ramadhani. Salim alikuwa amenisikia nikicheka kwenye simu, amenisikia nikibishana, lakini kichwa changu hakuwa amekiona, na hakuwa na ruhusa ya kukiona mpaka tufunge nikahi. Aliyekiona kwa niaba yake ni mamake, Bi Riziki. Ndivyo inavyofanywa. Mama wa mume huja kukutazama, akarudi na habari. Alikuja, nikamtolea chai, akanifungua mtandio kwa mkono wake mwenyewe, akapitisha vidole kwenye nywele zangu zilizokuwa nzito wakati huo, akasema mashallah.

Baadaye Salim alinisomea taarifa hiyo kwenye simu huku akicheka. "Mama asema una adabu, una mwanya, chai yako ina iliki nyingi, na una nywele."

Mimi nisiyeamini mambo niliiamini taarifa ile. Niliirudia moyoni kama dua. Sasa kila nilipovua mtandio nilijua kuwa moja katika yale manne limekuwa uongo, na aliyeahidiwa hajui.

Mama alianza na mafuta ya nyonyo. Kisha maji ya kitunguu, nikawa nanuka kama sufuria ya pilau. Kisha habasoda. Havikuleta madhara, wala faida. Mwisho akasema ni jicho. Siku ya mahafali yangu nilisimama mbele za watu na kofia ile ya chuo, nywele zimemwagika nyuma ya mtandio mwembamba, na mtu akanitazama vibaya. Akanipeleka kwa Maalimu, mzee mpole anayefundisha madrasa karibu na kwetu. Aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaiosha kwa maji ya marashi, akanipa kombe lile ninywe.

"Maalimu," nikamwuliza, "kwa nini jicho lichague utosi, liache kisogo na pembeni?"

Mama akafunga macho kwa aibu.

Maalimu akafikiri. "Labda aliyekutazama alikuwa mrefu."

Nilicheka mpaka kombe likanipalia. Naye akacheka, kisha akasema, "Kunywa, mwanangu, na hospitali uende. Mimi husoma, sichunguzi ngozi."

Kliniki ya ngozi niliyoelekezwa ilikuwa Msambweni, siku moja tu kwa wiki, na benchi lake liko kwenye ukumbi mwembamba wenye feni inayozunguka bila kutoa upepo. Nilikaa hapo na Mama. Tulikuwa wanawake tu kwenye sehemu yetu, Waislamu kwa Wakristo, na kila mmoja amefunga kitu kichwani: mtandio, leso, kilemba, kofia ya sufu ya mtu wa bara kwenye joto lile. Hakuna aliyemwuliza mwenzake amekuja na nini. Mwanamke mmoja mkulima kutoka upande wa Lungalunga alitutazama kutoka mwanzo wa benchi mpaka mwisho.

"Kumbe sote tumekuja na vifuniko," akasema, "kama sufuria."

Mmoja akaguna, mwingine akacheka, na benchi zima likalegea. Kama uko kwenye benchi la namna hiyo leo, tafuta wa kucheka naye. Sijui lolote jingine lililonisaidia pale.

Daktari alikuwa kijana wa kiume, si mwenyeji wa pwani. Nilivua mtandio mbele yake, na nikawaza kwamba mwanamume huyu nisiyemjua hata kwao ametangulia kuniona kabla ya mume wangu. Alitazama kwa lenzi yenye taa. Akanikata kipande kidogo cha ngozi, akanishona, akaniambia nisubiri majibu. Nilisubiri mvua za vuli zote. Maji yaligonga mabati, na mimi nikawa nasikia kila tone limekuja kuniambia jambo.

Majibu yalipokuja, daktari hakuyapamba. "Hapa palipong'aa hapataota tena. Tunapigania zilizobaki."

"Kwa nini mimi?"

"Hatujui."

Nitakwambia kitu cha ajabu: nilimpenda kwa jibu hilo. Wengine wote walikuwa wanajua. Mama alijua ni jicho, Akinyi alijua ni maji ya chumvi, Mercy alijua ni mawazo. Huyu tu ndiye aliyekubali kutojua. Akaniandikia vidonge, na sindano za kila mwezi za kichwani. Akanikataza gundi, moto, dawa za kulainisha, na msuko wowote unaovuta.

"Vipi kuhusu wigi?" Mama akauliza.

"La kuvaa na kuvua, kwa muda mfupi. La kubandika, hapana."

Sindano ya kwanza nilidungwa upepo wa kaskazi ulipoanza. Si sindano moja. Ni nyingi ndogo kuzunguka ukingo wa kipara, na kila moja unaisikia ngozi ikibanduka kutoka kwenye mfupa. Mama alinishika mkono akatazama ukutani. Vidonge vikanivuruga tumbo, nikapungua, na watu wakanisifu kwamba bi harusi anajitayarisha.

Sitakudanganya kuhusu miezi hiyo. Niliacha kuosha kichwa kwa sababu ya zile zinazobaki mkononi. Niliweka kanga nyeusi juu ya mto ili nisizione asubuhi. Nilijilaumu kwa kulia, maana kwenye benchi lile nimewaona walioungua na walioota vidonda usoni, nami naombolezea nywele. Kisha nikalia kwa hasira, kwa sababu hakuna anayekuja kumtazama mgonjwa wa nywele na mfuko wa machungwa. Ugonjwa wangu haukuhesabiwa kuwa ugonjwa, na bado ulikuwa umenichukua mwili mzima.

Lakini palipokuwa pabaya zaidi ni kwenye udhu. Unanawa mikono, uso, viganja mpaka viwiko, kisha unapitisha mkono wenye maji kichwani. Mara tano kwa siku, mkono wangu ulipita pale penye ubaridi, na kila mara palikuwa pameongezeka, au nilidhani pameongezeka. Nikaanza kujizuia. Nikitia udhu wa adhuhuri, sinywi maji, siendi msalani, nasubiri udhu uleule unifikishe alasiri, magharibi, isha, ili mkono usipite tena. Niliumwa kibofu kwa ajili hiyo. Mtu mwenye shahada. Kama nawe umefanya jambo la namna hiyo, jua kwamba hukupotewa na akili peke yako.

Baada ya sindano ya pili, nyumba ikaanza kupanga harusi. Shangazi Mejumaa ndiye somo wangu, yaani yeye ndiye wa kunisugua mwili kwa singo ya manukato, kunifunza na kunisimamia mpaka niingie kwa mume. Alikuja na mpango tayari. Kuna mpambaji hodari wa Mombasa, atanibandikia nywele ndefu kwa gundi, atazipamba asumini, nitakaa jukwaani, watatazama, wataondoka.

"Daktari amekataza gundi," nikasema.

"Gundi ya siku moja haijaua mtu."

"Na kesho yake? Salim atakapozishika?"

"Kesho yake ushakuwa mkewe."

Nikasema basi ninyolewe zote, ziwe fupi sawasawa, nikae hivyo. Akinyi alikuwa ameshasema anaweza. Hapo Mama akasimama.

"Mwanamke kwetu hunyolewa mara mbili. Hunyolewa akiwa mchanga, siku ya akika yake, na hunyolewa akifiwa. Wewe hukuzaliwa jana, wala hukufiwa. Nyumba yangu ya harusi haiingii wembe wa matanga."

"Kwa nini?"

"Usinianze na kwa nini zako."

Baba, karani mstaafu wa Matuga, alikuwa barazani akijifanya hasikii mambo ya wanawake. Sauti yake ikaja kupitia dirishani. "Hata mwenye kuuza mbuzi humwonyesha mnunuzi kilema."

"Mwanao si mbuzi," Mama akamjibu.

"Ndiyo nasema. Mnunuzi wa mbuzi haki yake huipata. Salim je?"

Nilikaa na neno hilo. Nilikuwa nikijiuliza nitamwambiaje Salim, na kila njia ilikwama. Kumwambia kwa simu ningeweza, kumwonyesha nisingeweza, na kuambiwa bila kuona humfanya mtu awaze makubwa au madogo kuliko ukweli. Kwetu kuna njia moja tu ya kuipeleka habari ya kichwa cha mwanamke kwa mwanamume anayemuoa, nayo ilikuwa imeshatumika.

"Bi Riziki aje tena," nikasema. "Aje anitazame upya."

Shangazi akacheka kwanza, kisha akaona sitanii. "Hakuna mwanamke anayetazamwa mara mbili. Mara ya pili ni ya kutafuta ila."

"Ila ipo."

"Mwanaisha," Mama akasema, na alipoacha kuniita Kwanini nilijua amefika mwisho. "Ukimwita mama yule, harusi hii ikivunjika, mimi sitaweza kusimama na watu. Nakuomba."

Hakuwa akiniamrisha. Ingekuwa amri ningeibisha. Lile ombi lilinikalia kifuani wiki nzima, na kila nilipopitisha mkono kichwani nilijiona nikiinama barazani kwa watu wa Msambweni nikiwauzia kitu kisichokuwapo. Mwisho nikampigia Bi Riziki mwenyewe, kinyume cha adabu zote.

Alikuja Shaabani mwishoni. Ni mwanamke mrefu, mkavu, asiye na maneno mengi. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia, nikamwingiza chumbani, nikafunga mlango. Nikavua mtandio. Pini zikaniponyoka, zikaanguka sakafuni. Hakunigusa safari hii. Alikwenda dirishani, akasogeza pazia, akaniashiria nije kwenye mwanga. Nikainama. Nikasikia pumzi yake juu ya ngozi isiyo na kitu.

"Tangu lini?"

"Tangu kusi ilipoanza."

"Zitarudi?"

"Daktari asema hapa hazirudi. Za pembeni ndizo tunazozizuia."

"Mamako alitaka nije?"

"Hakutaka."

"Nawe ukaniita."

"Yale uliyomwambia Salim yalikuwa kweli wakati ule, mama. Sasa si kweli tena."

Alichukua leso kitandani, akanifunika kichwa, akaikunja vizuri chini ya kidevu kama anavyofunikwa mtoto wa madrasa. Chai hakuinywa. Alimuaga Mama, akaondoka. Mama aliingia chumbani, akaokota pini zangu sakafuni moja moja, akaziweka mezani, na akasema kwa sauti ya chini kabisa, "Umeivunja nyumba yako kabla haijajengwa."

Ramadhani ikaandama. Salim hakupiga simu. Nami sikupiga, nilikuwa nimetumia ujasiri wote niliokuwa nao. Shangazi aliacha kuja, na singo iliyoagizwa ikabaki jikoni ndani ya karatasi yake ikinukia harusi ambayo hakuna aliyeitaja. Nilikwenda sindano ya tatu peke yangu. Mwanamke wa Lungalunga alikuwapo, akaniuliza ndugu zangu wako wapi leo. Nikamwambia wamechoka. Akasogea, akaniwekea nafasi karibu yake, akasema, "Basi choka hapa." Nilimlalia begani. Daktari alisema ukingo umetulia, ugonjwa hausogei tena. Ilikuwa habari njema niliyoingoja tangu kusi, na sikuwa na wa kumpigia.

Nilirudi nikamkuta Bi Riziki barazani kwetu, amekaa na Mama, wote wawili na nyuso za saumu. Nikajua amekuja kurudisha maneno. Posa ikivunjwa, hivyo ndivyo inavyovunjwa, kwa mtu mzima, kwa heshima, barazani. Nilimwamkia. Nikakaa mkekani chini.

"Nilimweleza Salim kama nilivyoona," akaanza. "Sikuongeza, sikupunguza. Nikamwambia juu hakuna, na hazirudi. Kisha akaniuliza, yamuuma? Nikamwambia sikuuliza."

Akapangusa jasho kwa ncha ya mtandio.

"Akanikasirikia. Salim hajawahi kunikasirikia. Akasema, mama, umekwenda kumtazama mgonjwa na hukumwuliza kama yuaumwa? Rudi ukamwulize. Na yeye asema haoni uso wa kukupigia mpaka ajue. Basi nimekaa siku zote hizi nimenuna, mtu mzima kama mimi natumwa kama mtoto wa chuoni. Leo nimeona niimalize." Akanigeukia. "Haya. Yauma?"

Nimeuliza maswali maisha yangu yote. Tangu Akinyi aliponyamaza nilikuwa nimeulizwa tangu lini, kwa nini, nani alinisuka, nilipaka nini, nilikula nini, nani ananichukia. Hilo halikuwa limeulizwa na mtu, hata na mimi mwenyewe. Mama alikuwa ananitazama, na niliona kwenye uso wake kwamba naye ndiyo kwanza anagundua.

"Yawasha," nikasema. "Usiku yawaka. Sindano ndizo zinazouma."

"Wadungwa wapi?"

Nikamwonyesha juu ya mtandio, hapa, na hapa, na hapa. Akatoa simu mkobani, akapiga palepale.

"Yawasha, na usiku yawaka. Sindano ndizo zimuumazo. Ndiyo. Kote kuzunguka. Ndiyo, leo ametoka huko, peke yake." Akasikiliza. "Nitamwambia." Akakata. "Asema sindano ijayo atakuwa langoni. Ndani hataingia."

Mama akainuka ghafla akaingia jikoni, na tukasikia masufuria yakigongana kwa muda mrefu kuliko futari ile ilivyohitaji.

Ugonjwa haujaniacha. Umelala. Vidonge bado nakunywa, sindano zimepunguzwa, na penye utosi pana mahali pa upana wa kiganja ambapo hapataota kitu. Salim alitimiza ahadi, alisimama langoni juani na chupa ya maji na machungwa kwenye mfuko. Alipokuja kukiona kichwa, baada ya nikahi, alichosema ni changu.

Uliuliza mtindo. Nimejaribu mingi, na jibu langu ni dogo: ule usiovuta, usiogandishwa, na unaoweza kupitisha mkono juu yake wakati wa udhu bila kufumba macho. Kwangu mimi ni nywele fupi, zote sawa. Akinyi alikuja nyumbani kuzikata, kwa sababu Mama alikubali kwa sharti kwamba mkasi uingie na bismillahi, mchana, kama akika. Mama mwenyewe akatandika leso yake mpya chini nywele zidondokee humo. Kwenye akika nywele hupimwa na fedha ya uzito wake ikatolewa sadaka. Nikamwambia zangu hazitamshibisha hata paka. Hakucheka. Alizikunja, akaenda kuzifukia chini ya mwasumini ulio nyuma ya nyumba, na maua ya kunipamba akayachuma hapohapo.

Kwenye kupamba mabuibui yalivuliwa mlangoni. Nilikaa jukwaani na taji la asumini likizunguka kichwa, katikati wazi. Ukumbi ulinyamaza kama Akinyi siku ile. Nikasikia mwanamke wa safu ya mbele akimnong'oneza mwenzake, nao mnong'ono wa pwani hunong'onwa usikike:

"Bi harusi kanyolewa. Kafiwa na nani?"

Shangazi Mejumaa, aliyekuwa amerudi kunisimamia, alikuwa anapita na chetezo cha ubani. Akasimama mbele yao.

"Kafiwa na nywele zake," akasema. "Na tanga tumeshalianua. Ama upige kigelegele, ama uvae buibui lako uende."